Jirani Aliyepanda Minyaa

Nyumba yetu ya Ujiji na ya jirani yetu zilitenganishwa na ua wa matete. Kila kiangazi, matete yalipozeeka, baba yangu na mzee wa jirani walikwenda pamoja kukata mengine kwenye vinamasi vya ziwa, wakayabeba kichwani, wakashinda wakiyafunga kwa kamba huku wakibishana habari za mpira. Mzee alikuwa kuli wa bandari ya Kigoma, mtu wa miraba minne na sauti kubwa. Mimi nilimwita baba mkubwa. Katikati ya ua waliacha uwazi wa kutosha mtu mmoja kupita, usio na mlango, na hapo ndipo mama na mke wa mzee walipopeana moto, chumvi na kipande cha samaki, mgebuka wa ziwani. Kisima kilikuwa upande wao. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba ni chao.

Baba alipofariki, mzee ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Nayasema haya ili msidhani alikuwa mtu mbaya tangu mwanzo. Angekuwa hivyo, ingekuwa nafuu kwetu.

Kisha vita vikaja kule Burundi. Mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, alikuwa ameolewa Rumonge na mfanyabiashara wa mawese. Siku moja asubuhi tulimkuta mlangoni na binti yake mdogo mgongoni na mama mkwe wake amemshika mkono. Walikuwa wametembea hadi Kagunga, wakapanda mtumbwi wa wavuvi mpaka Kigoma. Mume hakuwa nao, na mama mdogo hakutaka kuulizwa. Miguu ya yule bibi ilikuwa imevimba hata viatu vikakataa kuvulika.

Mke wa mzee alileta sufuria ya uji siku hiyohiyo. Mzee mwenyewe alipita kwenye uwazi akiwa na mkeka mpya kwapani.

"Karibuni," alisema. "Hapa ni kwenu."

Nafikiri alimaanisha. Lakini wageni hawakuondoka, na mji ukazidi kujaa. Kipindupindu kikaingia, kuni zikawa adimu, unga ukapanda bei, na kwenye vibaraza vya kahawa kila baya likawa limeletwa na wakimbizi. Neno lenyewe lilibadilika mdomoni mwa watu. Babu yake mzee alivuka ziwa kutoka Kongo, kama mababu wa nusu ya Ujiji; habari hizo tulizisikia kwake yeye. Sasa nilimsikia akimwambia mtu barabarani, "Watu wa ng'ambo wametuharibia mji."

Ugomvi wetu ulianza kwa bibi. Alizoea kuamka kabla ya wote na kuwasha moto, na kwa kuwa kuni zilikuwa za shida, alichomoa tete moja au mawili kwenye ua kuwashia. Mama alimkataza kwa Kiha, naye kwa Kirundi chake akaitikia vizuri, na kesho yake akachomoa tena. Mwishowe kuku wa mzee wakaanza kupita, na asubuhi moja mwenyewe akamkuta bibi ameshika tete mkononi.

"Huyu anakula ua wangu!" alipiga kelele.

Mama alitoka mbio. "Shemeji, nisamehe. Ni mtu mzima, na kwao hawana ua kama huu. Nitaweka mengine."

"Leo matete. Kesho atang'oa nini, mabati?"

Bibi hakujua Kiswahili. Alimtazama mzee, akatabasamu, akamwambia, "Amahoro, amahoro," yaani amani. Mzee akatema mate pembeni.

Wiki ileile wanawe waling'oa matete yote. Mahali pake walipanda minyaa, miti ile ya kijani isiyo na majani, ambayo ukivunja kijiti kinatoa utomvu mweupe wa kuunguza. Waliipanda ndani ya kiwanja chetu, hatua kadhaa kutoka mpaka wa zamani, na hawakuacha uwazi. Kuanzia hapo maji tuliyafuata kwenye bomba la mtaa wa pili, tukipanga foleni na watu waliotuuliza kwa nini tusichote kwa jirani. Mzee akaacha kumwita mama shemeji. Akawa anasema "wewe mama."

Mama alikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe alikuja, akatazama minyaa, akakuna shingo.

"Mnamjua mzee," alisema. "Vumilieni. Wageni wenu wakiondoka, moyo wake utarudi."

"Na ardhi yangu?" mama akauliza. "Nayo itarudi?"

Mjumbe akasema ana msiba wa kuhudhuria.

Minyaa haichelewi kukua. Msimu mmoja tu wa mvua ulitosha, ikafika kiunoni. Adhuhuri moja mtoto wa mama mdogo alivunja tawi akichezea, na utomvu ukamrukia machoni. Sijawahi kusikia mtoto akilia vile. Ndani tulikuwa na maji ya kikombe kimoja. Mama mdogo alimmwagia yote, kisha akaanza kumfuta kwa kanga.

"Msimsugue!" Ilikuwa sauti ya mke wa mzee, kutoka ng'ambo ya minyaa. "Subirini, nakuja."

Alizunguka kwa barabarani akimvuta mkono mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa, aliyekuwa ananyonyesha. Yule binti alikaa kwenye kizingiti chetu, akamlaza mtoto magotini, akamkamulia maziwa machoni. Wenyeji wa Ujiji ndivyo wanavyofanya mtu akiingiwa na utomvu wa minyaa. Mtoto alianza kutulia. Mama alikuwa analia, na mke wa mzee naye analia, na kwa muda ule mfupi nilidhani mambo yamekwisha.

Mzee alikuja kwa barabara ileile. Hakuingia. Alisimama nje akamwambia mkwewe, "Nani amekuruhusu kuwapa wakimbizi maziwa ya mjukuu wangu?"

Binti alifunga vifungo vyake, akainuka. Mke wa mzee alimfuata bila kututazama.

Hospitali walisema tumshukuru Mungu kwa jicho la kushoto. La kulia lilibaki na ukungu, na mtoto akawa anageuza kichwa kizima anapotaka kukuona. Nilikwenda kwa mzee peke yangu, bila kumwambia mama. Alikuwa anatawadha kwa ajili ya swala ya alasiri.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Aliendelea kuosha mikono.

"Mtoto haoni jicho moja," nikasema.

"Minyaa imejaa Ujiji nzima," akajibu. "Mbona watoto wetu hawaumii?"

Haukupita muda serikali ikatangaza kwamba wakimbizi wote wanaoishi mitaani wapelekwe kambini. Nyumba nyingi zilikuwa na ndugu wa ng'ambo, na mitaa mingi iliwaficha kwa kukaa kimya tu. Watu wa msako walipofika mtaani kwetu hawakubisha hodi kwa mwingine yeyote. Lori lilisimama mlangoni kwetu.

"Hawa ni ndugu zangu," mama aliwaambia. "Huyu ni mdogo wangu, amezaliwa hapahapa Ujiji."

Mama mdogo alizungumza Kiswahili cha Ujiji vizuri kuliko hata wao. Kiongozi wao alisitasita. Kisha akatazama juu ya minyaa, ambapo mzee alikuwa amesimama na mswaki mdomoni.

"Mzee, hawa unawafahamu?"

Mzee alitoa mswaki. "Nawafahamu. Wametoka Burundi."

Yule kiongozi alimwambia mama mdogo kwamba yeye anaweza kubaki, akalete mashahidi wa kuzaliwa kwake, lakini bibi na mtoto ni Warundi, lazima waende. Mama mdogo alimwangalia kama mtu asiyesikia vizuri.

"Nibaki na nani?" akasema, akaenda kufunga nguo zake.

Bibi alipandishwa lorini akiwa na furaha. Alidhani anarudishwa kwao. Aliwapungia mkono watu wote waliojaa barabarani.

Lori lilipoondoka mama alisogea karibu na minyaa. "Shemeji," alisema, "umefanya nini?"

"Waliniuliza, nikajibu. Ulitaka niseme uongo, mimi ninayetoka msikitini?"

Kambini, huko Kasulu, bibi hakumaliza masika ya kwanza. Habari ilitufikia akiwa ameshazikwa.

Tuliendelea kuishi na mzee, minyaa katikati, miaka mingi. Mama alipika, akafua, akaanika dagaa, na hakuongea naye tena. Kiharusi kilipomchukua mzee, mama alivaa kanga akaenda msibani kama jirani. Alichambua mchele na wenzake, na nilisikia wanawake wakinong'ona kwamba ana moyo safi.

Siku ya khitma, mke wa mzee alimshika mkono mama uani, mbele yangu.

"Dada, nisamehe," alisema. "Nilimkataza. Alipotaka kwenda kuwaita wale watu, nilimshika hata shati. Akanisukuma, akaenda."

Mama hakuelewa mara moja. Miaka yote hiyo tulijua kwamba mzee aliulizwa akajibu. Kwamba ndiye aliyekwenda kuwaita hatukujua.

"Alikwenda lini?" mama akauliza.

"Jioni ile. Kesho yake ndipo wakaja."

"Kwa hiyo ulikuwa na usiku mzima," mama akasema.

Mama aliutoa mkono wake taratibu, akaokota ungo aliokuja nao, tukaondoka.

Burundi kulipotulia, mama mdogo alirudi Rumonge moja kwa moja kutoka kambini. Hakupita Ujiji. Tukimpigia simu anaongea vizuri na anatuombea heri, lakini ukimwambia aje kutembea anasema mawese yanamsubiri.

Mama sasa anaishi kwangu, Mwanga, mjini Kigoma. Majirani zetu ni watu wa Kalinzi, wapole, na kila Ramadhani wanatuletea futari ingawa wao ni Wakristo. Mama anapokea, anashukuru. Bakuli lao analiosha, analikausha kwa kitambaa, analirudisha tupu. Kwetu bakuli la mtu halirudishwi tupu, naye ndiye aliyenifundisha hivyo. Nikimwambia tuweke hata ndizi mbili, ananijibu nimwache, halafu anafunga mlango.