Mama Funguo na Sakafu Iliyong'aa Kupita Kiasi

Fundi viatu wa kile kibanda kinachotazamana na kanisa ndiye aliyeyasimulia haya, Jumatatu asubuhi, kiatu cha mtu magotini na uzi mdomoni. Yeye ndiye aliyepiga ngoma siku hiyo, kwa hiyo aliyaona yote kwa macho yake.

Jumamosi, jua ndiyo kwanza linachomoza. Mama Funguo yuko magotini mbele ya madhabahu, anaipaka sakafu nta nyekundu. Anapaka, anasugua, anarudi nyuma kidogo, anapaka tena. Akiinama anayaona meno yake humo sakafuni.

Ni mfagizi wa kanisa hili, mwaka wa kumi na mbili sasa. Mumewe alimwachia watoto watatu, na ufagio ndio umewakuza. Mshahara wenyewe, anasema, "ukifika mlangoni unauliza njia ya dukani kabla haujakaa." Jina lake limetokana na bunda la funguo analolifunga kiunoni. Zikianza kulia, hata mbuzi wa jirani anajua nani anakuja.

Leo si siku ya ibada. Leo wasanii wa mtaani wanatumbuiza kanisani, bure, aingie anayetaka. Aliyeomba ni yeye. Wifi yake, muuza nyanya, ana kikundi cha wanawake wa sokoni wanaocheza ngoma, na kila wakikusanyika kufanya mazoezi wanafukuzwa kama kuku walioingia jikoni.

Mzee wa kanisa, mtu wa suti ya kijivu na maneno machache, alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Haya, mara moja. Ikiharibika, wasanii hawataukanyaga tena mlango huu."

"Ikiharibika, chukua na funguo zangu," Mama Funguo akamjibu. Mchungaji aliposikia akaguna tu.

Ndiyo maana leo nta imepakwa mara tatu.

Mchana wachezaji wanaingia kujaribu. Wifi anatangulia, kifua mbele. Hatua ya kwanza salama. Ya pili, miguu inakwenda kushoto, mwenyewe anakwenda kulia, na anaketi chini kwa kishindo mpaka mimbari inaitika.

"Wifi! Hii ni sakafu au bamia?"

"Nimeing'arisha kwa ajili yenu!"

"Kama hukutaka niolewe na kaka yako ungesema mapema, si leo mbele ya madhabahu!"

Wanacheka, lakini mwenzake akijaribu bila viatu, naye huyo chini. Kicheko kinakatika. Nje watu wameanza kujaa. Mzee wa kanisa anaitazama sakafu, anaitazama saa yake.

"Bora tuahirishe," anasema. Na kuahirisha kwa Mzee kila mtu anakujua: ndiyo basi tena.

Mama Funguo habishani. Anakwenda stoo, anarudi na ndoo za maji ya moto, sabuni ya unga na matambara yote aliyonayo. Anapiga magoti, anaanza kuing'oa nta yake mwenyewe. Anasugua kipande, anainua kichwa, anaona sakafu ilivyo kubwa.

"Fungueni mlango," anasema. "Waingie. Viatu vibaki nje, na kila mtu ashike tambara."

Watu wanacheka. Halafu wanaona Mama Funguo hacheki. Wanavua.

Fundi viatu anaiinamia ngoma, anaufuata mkono unaosugua: mbele, nyuma, mbele, nyuma. Wifi hakosi nafasi kama hiyo. Anautunga wimbo papo hapo, huku ameshika kiuno kilichoumia.

"Nani kaipaka nta?"

"Wifi!"

"Nani ataiondoa?"

"Sisi!"

Kanisa zima liko magotini, mabega yanakwenda pamoja. Amebaki Mzee peke yake, wima kama mshumaa. Mama Funguo anamnyooshea tambara.

"Baba, hapo uliposimama bado."

Mzee anajitazama miguu. Anavua viatu, anavua koti, anakunja suruali, anashuka. Vigelegele vinavyopigwa, anasema fundi, hata harusini hajavisikia.

Sakafu ilipokauka ilikuwa na mabaka kama ukuta ulionyeshewa. Ikakanyagwa! Wanawake wa sokoni walicheza bila woga, watu wakajaa mpaka madirishani.

Mama Funguo alikuwa mlangoni na ndoo yake, mahali pake pa siku zote. Mzee akamfuata.

"Benchi la mbele lina nafasi."

"Na magoti haya yaliyolowa?"

"Kwani yangu yamekauka?"

Akaenda kukaa. Miaka yote amelifuta benchi hilo, hajawahi kulikalia. Ngoma ilipotulia, Mzee akasimama: wasanii watakuja kila mwezi. "Ila nta," akasema, "isubiri ngoma iishe."

Mama Funguo ameshapanga. "Mwezi ujao waje wapiga gitaa na wale wazee wa mashairi. Na mimi siku moja nitacheza. Wifi anasema nitaanguka. Nianguke vipi, sakafu si yangu?"

Jua likizama, fundi alirudi kuchukua ngoma yake. Mlango ulikuwa wazi. Mama Funguo amelala kwenye benchi la mbele, funguo kiunoni, kichwa begani kwa wifi yake, naye wifi usingizi umeshamchukua. Mwisho wa benchi, Mzee, miguu mitupu, alikuwa anawasubiri waamke wafunge.

"Shh," Mzee alimwambia fundi, akaegemea. Kabla fundi hajaifikisha ngoma mlangoni, Mzee naye alikuwa anakoroma.