Poda ya Kasika

Kwetu Kongo mtu akifaulu mtihani wa Serikali hapewi maua. Anamwagiwa poda. Ile ile ya watoto wachanga, nyeupe, yenye kunukia. Na asiye na poda anatumia unga wa muhogo, wala hachekwi. Unamwagiwa kichwani, usoni, mgongoni, unatoka barabarani mweupe pepe, na nyuma yako shangazi, wajomba na hata majirani waliokununia mwaka mzima wanaimba. Wazazi nao humwagiwa, maana diploma kwetu si ya mtu mmoja. Nayasema haya mapema ili mtu wa mbali asije akaniuliza katikati ya habari. Sipendi kukatizwa.

Kasika alikuwa mwenzangu wa benchi katika mwaka wa sita wa sekondari, pale Kitshanga. Alituzidi sote umri. Ndevu zake zilikuwa ndevu kweli, si vile vinyweleo ambavyo Élie, mtoto wa mfanyabiashara kutoka Butembo, alivipapasa kutwa kama mtu anayebembeleza paka. Tulimwita Muzee. Mkaguzi alipokuja shuleni alimpa mkono Kasika, akamuuliza darasa lake lina wanafunzi wangapi. Kasika akamjibu kwa heshima zote, na idadi akaitaja sawasawa. Tulibaki tumeziba midomo kwa daftari.

Hakuwa mjinga, niliweke hilo wazi. Watu wake ni Wahunde wa Karuba, wakulima wa maharage na mihogo tangu enzi za mababu, na kule vita haingoji mwaka wa shule umalizike. Baba yake alikufa mapema, akabaki na mama yake, Mama Adelaïde. Kila walipokimbia, shule ilikatika. Kila waliporudi, alianza tena chini. Alisoma mwaka wa kwanza wa shule ya msingi mara tatu, na kitu alichokitamani kwa miaka yote hiyo ni kimoja: kumaliza.

"Kila tukifika ku division, masasi ya bunduki inalia," alikuwa akituambia. "Njo maana multiplication najua muzuri sana."

Wapo wanaosema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Methali hiyo mimi imenichosha. Nyasi huota tena mvua ikinyesha.

Mama Adelaïde mwenyewe hakusoma. Mara ya mwisho walipotoka Karuba walikuja Kitshanga, naye akawa analima mashamba ya watu ili mwanawe asome. Mwaka ambao Kasika aliingia sekondari, mama huyu alinunua kopo la poda, akalifunga ndani ya kitenge, akaliweka. Miaka yote hiyo hakulifungua. Watu wakikimbia kwetu utaona wamebeba godoro, mwingine kuku, mwingine mlango wa nyumba. Yeye alikimbia na sufuria na lile kopo. Wenzake walimcheka njiani.

"Sufuria iko ya leo," aliwajibu. "Hii iko ya kesho."

Siku ya mwisho ya masomo, kabla ya mtihani, prof Athanase hakufundisha. Alikuwa mwalimu wetu wa darasa, mtu mkavu, anayekunja suruali hadi nusu ya mguu kwa ajili ya matope. Alifuta ubao, akakaa juu ya meza yake, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akasema kila mmoja asimame ataje kitu kimoja cha nyuma na kimoja cha mbele. Kitu anachokikumbuka cha shule, na kitu atakachokuwa.

Élie alisimama wa kwanza kama kawaida yake. Alikumbuka siku paa la darasa liliporuka kwa upepo tukaendelea na jiografia huku tunaona mawingu yenyewe. Baadaye, alisema, atakuwa na malori kumi, yote mekundu, na hakuna hata mmoja wetu atakayelipa nauli. Tulimpigia makofi kwa ajili ya nauli. Akasimama Umugwaneza, msichana mpole wa Kirolirwe, ambaye baba yake ni mchungaji wa ng'ombe. Alikumbuka kwamba alipofika kwetu hakuna aliyetaka kukaa naye kwa sababu ya lugha ya kwao, mpaka Kasika alipohamisha daftari zake akaketi kando yake mwezi mzima. Alisema atakuwa daktari wa mifugo. Mimi nilisema nitakuwa mwanasheria. Prof Athanase akasema hilo halihitaji hata kusoma, mdomo ninao tayari.

Tulijigawia kesho siku ile kama watu wanaogawana nyama ya ng'ombe ambaye bado anakula majani. Lakini ilikuwa tamu, sitadanganya. Sijawahi kuwapenda watu kama nilivyowapenda wale, ndani ya chumba kile chenye harufu ya chaki na ya viatu vilivyolowa.

Zamu ya Kasika ikafika. Alisimama polepole, goti likagonga benchi, maana mabenchi yale hayakutengenezwa kwa watu wenye ndevu.

"Ya nyuma iko mingi, tuiache," alisema. "Ya mbele, miye nitatembea mpaka kwetu Karuba nikiwa mweupe. Kwa miguu. Batu bote ba njiani baone."

"Na nyuma ya ile, Muzee?" prof akamuuliza.

"Nyuma ya ile, prof, nitaoga."

Tulicheka mpaka darasa la jirani likaja kuchungulia. Prof Athanase alicheka naye akajipangusa macho, nami nilidhani ni vumbi la chaki.

Ilipofika saa ya kutoka, Mama Adelaïde alikuja na sufuria ya maharage yaliyochanganywa na viazi, zawadi yake kwa wanaomaliza. Alikuwa na kitenge chake kiunoni, na sote tulijua kilichofungwa ndani. Tukamzunguka. Tukamwomba amwagie mwanawe japo kidogo, tupate kucheza pamoja, kwa kuwa baada ya mtihani kila mtu atashika njia yake. Élie alipiga magoti kabisa, na suruali yake ya pasi.

Mama Adelaïde alikataa. Alilishika kopo kwa mikono miwili kana kwamba tutampokonya. Alitusimulia habari za kijana mmoja wa Karuba ambaye watu wake walimmwagia siku aliyotoka kwenye mtihani, kijiji kikacheza, mbuzi akachinjwa. Kisha matokeo yakatoka, na jina lake halikuwamo. Kwa aibu kijana aliingia machimbo ya Walikale, na mpaka leo mama yake anauliza habari zake kwa kila mpita njia.

"Poudre haitangulie résultat," akasema. "Ikitangulia, inakula mutoto. Mukule maharagi, banangu."

Tukala maharage. Alikuwa anaamini alichokisema, kama wanavyoamini mama wengi wa kwetu, na hata mimi mwenye mdomo niliujaza maharage.

Mtihani tuliufanya kwa amani, Mungu ashukuriwe kwa hilo moja. Tulikuwa bado tunangoja matokeo vita ilipoingia Kitshanga. Tulitawanyika asubuhi moja kama maharage yaliyomwagika. Élie na familia yake walipanda lori kwenda kwao Butembo. Umugwaneza alipita njia nyingine na ng'ombe wa baba yake, na namba yake ya simu haikuita tena. Mimi na mama yangu, pamoja na Kasika na mama yake, tulishuka mpaka kambi iliyo njiani karibu na Sake, tukajenga vibanda vya miti na maturubai, mlango wetu ukiutazama mlango wao.

Huko kambini Kasika alimfundisha mama yake namba yake ya mtihani. Bila namba ile, matokeo huyapati kwenye simu. Alijua vizuri jinsi karatasi zinavyopotea watu wakikimbia, kwa hiyo akamwambia, "Mama, weye njo karatasi yangu." Mama Adelaïde aliikariri kwa Kifaransa, lugha ambayo hakuijua zaidi ya bonjour. Aliiimba akichota maji, aliiimba akipepeta, mpaka watoto wa kambi nao wakaijua wakawa wanarukia kamba kwa namba ya Kasika.

Njaa ilikuwepo, siipambi. Chakula cha msaada kilikuja kikipenda. Lakini kule Karuba, kwenye shamba la zamani la akina Kasika, kulikuwa na maharage ambayo shangazi yake aliyapanda kabla ya kukimbia, na yalikuwa yamekauka yakingoja mkono. Watu walipanda mlima kwenda kuvuna vya kwao kwa kujificha, na wengi walirudi salama. Kasika akasema ataenda na wenzake. Mama yake alikataa, kisha akatazama sufuria, akamtafutia gunia.

Asubuhi ile nilikuwa nje nafua. Kasika alitoka na gunia tupu begani, akageuka mlangoni.

"Mama, unimwangie kidogo tu," akasema kwa mzaha. "Hata ku kisigino. Nani ataona?"

"Toka apa!" mama akamjibu huku anacheka. "Utarudi na maharagi, résultat itatoka, nitakumwangia yote, mpaka utaomba musamaha."

Kasika aliniinulia nyusi, kama kuniambia umesikia, wewe ni shahidi. Akaenda.

Wenzake walirudi bila yeye. Bomu lilianguka shambani, na mpaka leo hakuna anayejua nani alilirusha wala alimkusudia nani. Walimzika kando ya shamba, chini ya migomba, kwa haraka, kwa jembe walilolikuta kwenye nyumba ya shangazi yake. Gunia walimletea mama. Lilikuwa nusu. Hayo maharage ndiyo tuliyokula kwenye matanga, maana hakukuwa na kitu kingine cha kuwapa watu waliokuja kulia, na Mama Adelaïde alisema mwanawe hakuyafuata ili yaoze. Nilimkasirikia Mungu siku ile, na sijui kama tumekwisha kupatana.

Kisha matokeo yakatoka.

Kambi ililipuka kwa kelele. Mimi nilifaulu. Mama yangu alinimwagia unga wa msaada, na aliyetuletea unga ule angeona angezimia. Nilikuwa ndio nimefumbua macho niliposikia mtu anapiga hodi. Mama Adelaïde aliinama akaingia, akakaa chini mbele yangu, akanitazama nilivyokuwa mweupe.

"Astrid mwanangu, andika," akasema. Akaanza kuitaja namba.

Nilitaka kumwambia simu imekwisha chaji. Nilitaka kumwambia mtandao hakuna. Vidole vyangu vilikuwa na unga, vikaacha alama juu ya kioo. Aliitaja yote, bila kukosea hata tarakimu moja, kwa ile sauti ya kuimba. Nikaituma. Tulingoja wote wawili, tukisikia ngoma za bidoni, yale madumu ya maji, huko nje.

Kasika alifaulu. Asilimia sitini na moja. Alinipita mimi, alimpita Élie na malori yake yote.

Nilimsomea. Hakulia. Aliniomba nimfundishe hesabu ile kwa Kifaransa, nikamfundisha, "soixante et un," akairudia mpaka ikakaa. Halafu akafungua kitenge, akatoa kopo. Alipoligeuza hakikutoka kitu. Miaka ile yote ya mvua na kukimbia, poda ilikuwa imeshikana ikawa jiwe. Alilipasua kopo kwa kisu, akalitwanga bonge lile kwenye kinu chetu taratibu, kama mtu anayetwanga dawa, mpaka likalainika. Nikasogeza kichwa changu, kwa kudhani atanimwagia mimi niliyekaa na mwanawe benchi moja. Alinipitisha mkono shavuni, basi. Akainua kinu akajimwagia mwenyewe, yote, kichwani, usoni, kifuani. Harufu ya mtoto mchanga ikajaa kibanda kizima.

Akatoka nje.

Waliokuwa wakicheza ni vijana wa sehemu nyingine za kambi, hawakumjua. Walimwona mama mweupe wakampokea kwa vigelegele.

"Félicitations, Mama! Mutoto amepata ngapi?"

"Soixante et un."

"Eeeh! Na iko wapi tumumwangie?"

"Iko Karuba," akasema.

"Basi akishuka tutamumwangia!" wakamwahidi, wakamshika mikono, wakacheza naye. Naye alicheza. Nilisimama pale na unga wangu usoni, natamani kuwafokea wanyamaze. Mdomo wangu wote ule, siku ile haukunifaa kitu.

Kesho yake nilimkuta kwenye foleni ya maji na bidoni yake. Alikuwa bado mweupe, poda imeingia kwenye mikunjo ya shingo, na watu wakimpisha bila kumwangalia, maana sasa walikuwa wameambiwa. Jua lilikuwa kali. Nikamsogelea nikamwambia kwa upole, "Mama Adelaïde, uoge sasa. Nitakuchotea maji."

Aliutazama mlima, upande wa Mushaki, kule njia ya Karuba ilikofungwa na vita.

"Muzee wenu aliniambia atafika kwetu mweupe, kiisha njo ataoga," akanijibu. "Miye sijafika."

Sikumwambia tena aoge. Nilishika upande mmoja wa bidoni yake, tukasogea na foleni.