Shifa, Mlezi wa Baraza la Robota

Siku zile mtu aliyemtusi mwenzake mbele ya watu alirudi mbele ya watu hao hao kutengeneza alichoharibu. Siku hizi hufuta alichoandika, akaendelea kula chakula chake.

Jana mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu vijana waandika programu za kompyuta wakitukanana kwa sababu ya mstari mmoja wa msimbo. Wana vyeti na mishahara, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeona ajabu. Mjukuu wangu alicheka. Mimi nilimkumbuka Shifa.

Nilimkuta Guangzhou mwaka 2005, katika ofisi ya mizigo ya Nassor, kwenye jengo moja la maduka ya jumla pale Xiaobei. Alikuwa Mzanzibari wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, na sauti yake haikupanda hata laoban, yaani bosi wa jengo, alipokuja kufoka kwamba marobota yetu ya mizigo yameziba lifti. Kabla ya kuja China alikuwa opereta wa simu. Miaka mingi alikaa katikati ya waya akiunganisha watu, na huko, aliniambia, ndiko alikojifunza kwamba mtu asiyeuona uso wa mwenzake huwa hodari wa kutukana. Ana kwa ana watu wale wale wangesalimiana kwanza na kuulizana habari za nyumbani.

Wakati huo tulikuwa na programu yetu ya kompyuta iliyoitwa Robota. Ilikuwa programu huria: msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, ulikuwa wazi kwa kila mtu kuusoma, kuurekebisha na kuugawa bure. Iliandika robota la nani limeingia kontena gani na linakwenda bandari gani. Waliitengeneza wafanyabiashara wenyewe na jamaa zao, Watanzania na Wakongo, wengine wakiwa Xiaobei, wengine Sanyuanli, mtaa mwingine wa Guangzhou, wengine wamebaki Dar es Salaam na Lubumbashi. Mimi, niliyejisomesha kwa vitabu vya kuokota, nilitafsiri maelekezo. Hatukulipwa. Mazungumzo yote yalipita kwenye barua pepe za pamoja tulizoziita Baraza, na kila mtu alisoma kilichoandikwa na kila mtu.

Baraza lilikuwa na desturi ambayo sijaiona tena popote. Kazi ya mtu ilipita mikono miwili kabla ya kuingia kwenye Robota. Wa kwanza aliangalia kama inafanya kazi. Wa pili aliangalia namna ilivyozungumzwa: kama aliyeikataa amesema kosa la kazi au amemsema mtu, kama mgeni amejibiwa, kama mtu amechekwa. Huyo wa pili alikuwa Shifa. Tulimwita mlezi. Mtu akimvunjia mwenzake heshima, kazi yake haikupokelewa mpaka atengeneze pale pale alipoharibu, mbele ya wale wale waliosoma. Kumnong'oneza mwenzako radhi pembeni hakukuhesabika.

Mwaka 2006, maonyesho makubwa ya biashara ya Pazhou, pale Guangzhou, yakikaribia na ofisi zote zimejaa mizigo, Msabaha aliharibu. Huyu alikuwa muuza viatu kutoka Dar es Salaam aliyekaa Guangzhou kama sisi, mtu wa watu, aliyejifunza kuandika programu ukubwani. Aliongeza kipande cha msimbo kinachounganisha marobota yote yenye alama moja na kuyaandika jina moja. Kwake hilo lilikuwa wazi, kwa sababu kwao ndugu wa nyumba moja hutumia alama moja, na bili hulipwa na kaka mkubwa. Wakongo hawakufanya hivyo. Kwao alama ilikuwa ya wakala anayepokea mzigo mpakani, na watu kumi wasiojuana waliweza kuichora kwenye marobota yao. Basi Mama Gracia na Mama Séphora, wafanyabiashara wawili wa Lubumbashi ambao hawakuwa wakisalimiana, waliamka wakajikuta ni mtu mmoja. Mama Gracia alikuja ofisini kukagua masufuria yake kabla ya kupakiwa, akakabidhiwa wigi za Mama Séphora. Kelele zake zilisikika mpaka kwa wauza kebabu chini.

Christophe aliliona kosa mara moja. Alikuwa kijana wa Lubumbashi aliyesoma kwa mapadri, na sehemu kubwa ya Robota ilikuwa kazi ya mkono wake. Alikuwa na dawa tayari. Lakini alipoituma Barazani aliandika juu yake: "Nani alimupa huyu kompyuta? Mumurudishie mukokoteni yake."

Msabaha kweli aliwahi kusukuma mkokoteni Kariakoo. Alitusimulia mwenyewe, akicheka, tulipokuwa tunakula. Sasa jambo hilo lilisomwa na watu wa miji mitatu. Kuanzia siku hiyo Msabaha hakuonekana tena Barazani.

Shifa aliandika kwa kifupi kwamba dawa ya Christophe ni nzuri na itapokelewa mara atakapolitengeneza lile neno. Christophe alijibu kwamba yeye amesema kweli, na kweli haiombewi radhi.

Hapo watu wote wakamgeukia Shifa. Bila ile dawa Robota haikufaa kitu, na marobota yakaanza kuandikwa kwa kalamu ya wino mzito, kama zamani. Nassor alimwambia mbele yetu kwamba adabu haipakii kontena. Mama Gracia alimuuliza kama wigi atazipikia. Hata Msabaha alimpigia simu akasema, dada, liache, mimi nimekwisha samehe, sitarudi lakini nimesamehe. Shifa alimwambia kwamba hilo la kutorudi ndilo linalomzuia kuliacha. Mimi mwenyewe nilimwona mkaidi. Niliona tutaipoteza Robota kwa ajili ya neno moja, kwa kuwa Christophe akiondoka hakukuwa na mwingine wa kuiendesha.

Naye akatangaza kuondoka. Aliandika kwamba anachukua kazi yake na kwenda kuanzisha programu yake, isiyo na shangazi wa kuwafundisha watu kusalimia.

Shifa alikuwa ameshinda siku nzima akigombezwa na wenye mizigo. Akajibu pale pale: "Nenda. Nyinyi mliosomeshwa Kifaransa mmezoea kuondoka mkiombwa muwe watu."

Wakongo wa Barazani walikuwa wengi, na hawakuwa wamemkosea lolote. Nilidhani ndio mwisho wetu. Nakiri pia kwamba wapo Watanzania waliofurahi, wakasema leo Shifa amempata.

Kesho yake nilifika ofisini nikamkuta Shifa ameshaandika. Maneno yake nayakumbuka:

"Jana nimemtusi Christophe, na pamoja naye nimewatusi watu wote wa kwao. Si kweli nilichosema, na hata kingekuwa kweli nisingekuwa na haki ya kukisema hapa. Naomba radhi kwake na kwenu. Mlezi akivunja desturi hufungiwa kama mwingine. Kuanzia sasa sipokei kazi ya mtu yeyote mpaka Christophe aseme amenikubalia, na asiposema, mchague mlezi mwingine."

Nilimwuliza kama ameona alichokifanya: amempa yule kijana funguo zote. Akasema ameona, kisha akarudi kwenye mizani, kwa kuwa Mama Séphora alikuwa amefika na robota.

Christophe aliingia mchana, shati limelowa jasho, bila salamu. Alisimama mbele ya mizani, Mama Séphora akabaki ameshika kamba ya robota lake.

"Maman Shifa," alisema, "unajifungia mwenyewe?"

"Nimekosa, baba. Ningefanyaje?"

"Ungefuta. Wewe ndiye uko na mamlaka ya kufuta."

"Wangekuwa wameshasoma," alisema Shifa. "Na wewe ungekuwa umeshasoma."

Kijana akauliza kama anaweza kukaa kwenye kompyuta ya ofisi. Shifa alimsogezea kiti. Aliandika, akafuta, akaandika tena, akamwomba Mama Séphora aangalie kama Kiswahili chake kiko sawa, naye akamwambia kisicho sawa ni kiburi chake. Ujumbe uliotoka ulikuwa mfupi. Alimkubalia Shifa. Akasema lile neno la mkokoteni lilikuwa la kumuumiza mtu, kwamba halikuhusu kazi, na kwamba Msabaha alikosea kwa sababu hakuna hata mmoja wao, Wakongo, aliyewahi kumweleza maana ya alama zao.

Jibu la Msabaha lilikuja kabla hatujanywa chai. "Mkokoteni bado ninao, Christophe. Nikipata mzigo mzito nitakuita usukume."

Ofisi nzima ilicheka, na Christophe alicheka kuliko wote. Dawa yake iliingia siku ile ile. Kisha wawili wale walikaa pamoja na kuandika kipande kipya, ambacho kabla ya kuunganisha marobota kilimwuliza mwenye mzigo: alama hii ni ya nyumba au ya wakala? Mama Gracia na Mama Séphora wakawa watu wawili tena.

Robota iliishi miaka mingine kadhaa. Siwezi kusema Baraza halikugombana tena. Liligombana sana, kuhusu kila kitu, lakini sikumbuki mtu aliyeondoka kwa kuonewa. Leo naingia kwenye makundi ya mtandaoni yenye watu maelfu, yana kanuni ndefu zilizoandikwa vizuri, na hakuna anayejifungia mwenyewe.

Baada ya michezo ile mikubwa ya dunia iliyofanyika China mwaka 2008 viza zikawa ngumu. Nassor alipunguza ofisi, na Shifa akaamua kurudi Zanzibar. Barazani alimpendekeza Christophe awe mlezi. Nilikwenda kumlaumu. Nilimwambia kwamba mimi ni mtu mzima, na sijawahi kumtukana mtu Barazani hata siku moja.

"Na kuomba radhi pia sijakuona, Mzee Wilbard," alisema. "Christophe nimemwona."

Siku ya kuondoka tulimsindikiza mpaka chini ya jengo. Christophe alibeba sanduku, na Msabaha alimwelekeza namna ya kulilaza kwenye buti ya teksi kama mtu aliyezaliwa kwenye kazi hiyo. Shifa alipokuwa ameshaingia kwenye gari, wale wawili walikuwa wamekwisha anza kubishana kando ya njia kuhusu kipande fulani cha msimbo, mikono juu, na watu wanawapita. Teksi ilisimama kwenye taa. Shifa akashusha kioo, akawatazama, akasikiliza kidogo. Kisha akapandisha kioo, taa ikabadilika, na sikumwona tena.