Viatu vya Watoro

Mama Pacha hakuwa mtu wa kelele. Lakini asubuhi ile alipokuta kundi la watu mbele ya duka la viatu, wanacheka mpaka wanashika mbavu, damu ilimchemka.

Juu ya mlango wa duka, kwa herufi nyekundu za kupendeza, palikuwa pameandikwa: VIATU VYA WATORO. Chini yake, brashi mkononi, alisimama mumewe, anatabasamu kama bwana harusi.

"Fundi kalewa!" mwenye duka alipayuka. "Hata jua halijachomoza vizuri, keshalewa!"

"Nimeandika watoto," mume akajibu kwa upole. "Soma vizuri, ndugu yangu."

Kicheko kikaanza upya. Mama Pacha akamshika mumewe mkono, akakusanya makopo ya rangi, wakaondoka.

Huyu ndiye aliyechora mabango ya mtaa mzima. Si kwamba alikuwa hakosei, nani asiyekosea? Ila akikosea, mkono ulijua kabla ya macho ya watu. Brashi ikianza tu kupotea njia, aliguna "Ah!", akafuta kwa kitambaa, na herufi zilizofuata akaziandika taratibu, kama mtu anayepita penye utelezi. Kisha siku moja akaanguka kutoka kwenye ngazi, akajigonga kichwa. Alipotoka hospitali alitembea, aliongea, alikula vizuri. Watu wakasema amepona. Ule mguno tu ndio haukurudi naye nyumbani.

Mama Pacha alikuwa amelisema hilo hospitalini, na daktari hakuinua hata uso. "Mkono haujapooza, macho yanaona. Unataka nini tena, mama?"

"Nataka mume wangu ajue anapokosea."

"Wanaume wote hatujui," daktari akasema, akacheka peke yake.

Na sasa, baada ya aibu ya dukani, shemeji yake alikuja kutonesha kidonda. "Shemeji, kaka ana kiburi tu. Tangu utoto hapendi kukosolewa."

"Kiburi?" Mama Pacha akaweka chini sufuria kwa kishindo. "Mwenye kiburi anajua kakosea, anakataa kukiri. Huyu hajui! Kipofu asipokuona njiani, utasema anaringa?"

Shemeji akaaga bila kumaliza chai.

Mama Pacha hakukaa kulia. Aliulizauliza mpaka akaelekezwa kwa daktari mwingine, mwanamke asiye na haraka. Huyo alimkalisha fundi mbele ya kompyuta: kila picha ikitokea abonyeze, isipokuwa ya paka. Fundi akabonyeza na paka vilevile, tena mara nyingi, bila kushtuka wala kupunguza mwendo.

"Umebonyeza paka yeyote?"

"Hata mmoja."

Ndipo daktari akabonyeza mwenyewe, akakosea makusudi.

"Hapo umekosea, daktari!" fundi akaruka. "Huyo si paka?"

Fundi alipotoka nje, Mama Pacha akasogeza kiti karibu. Daktari akamweleza kwamba ubongo unajisimamia wenyewe: mkono ukienda kombo, kuna sehemu inayopiga kengele papo hapo, pengine kabla mwenyewe hajatambua. Ndiyo inayotushtua, ikatufanya twende pole. "Ya mumeo imeumia. Makosa ya wengine anayaona, kwa kuwa hayapiti hapo. Si mlevi, wala hana kiburi."

Kutoka hapo Mama Pacha alikwenda moja kwa moja kwenye duka la viatu, akamwaga yote mbele ya wateja.

"Mimi ningejuaje?" mwenye duka akalalama.

"Ungeuliza! Mdomo uliotosha kumtukana ungeshindwaje kumuuliza? Pole yako kampe mwenyewe."

Kesho yake mwenye duka alikuja kweli, akamnong'oneza fundi pole mlangoni, akageuka haraka asionekane. Jambo hilo lilimuudhi Mama Pacha kuliko kicheko chenyewe: tusi la hadharani, pole ya kificho!

Lakini maneno ya daktari yalimpa akili. Fundi alipomaliza kibao cha saluni, Mama Pacha alikipiga picha kwa simu, akamwonyesha jioni. "Hebu tazama kazi ya fundi wa mtaa wa pili."

"Salumi? Mjinga gani huyu?" fundi akafoka. "Lete kibao chake nimrekebishie."

Mama Pacha akakileta kana kwamba kimetoka huko, fundi akakirekebisha. Kazi zikaanza kurudi, na picha zikaendelea, mpaka siku moja fundi alipoishikilia simu kwa muda mrefu.

"Huyu fundi mbovu," akasema polepole, "mbona mkia wa S yake ni kama wangu?"

Mama Pacha akakosa pa kutazama. Akamweleza yote.

Fundi aliinuka akatembea chumbani huku na huku, na ghadhabu ikamjaa usoni. "Mtaa mzima umenicheka. Na wewe, mke wangu, ukanichezea kama mtoto?"

"Nilikosa njia nyingine."

"Njia ilikuwepo! Kuniambia!"

Kwa muda wote huo Mama Pacha aliwakasirikia watu kwa kumdharau mumewe, kumbe naye alimwamulia mambo bila kumuuliza.

"Nisamehe," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani.

Fundi akakaa, akashusha pumzi. "Picha piga. Zinanisaidia. Lakini uniambie: hii ni yako, umekosea."

Asubuhi walitoka pamoja kwenda kuandika ukuta wa gereji. Fundi alipofika katikati ya neno alisimama, akanyoosha mkono.

"Lete simu," akasema. "Nataka kumwona huyo mjinga."