Namba Anayoipapasa Fundi wa Suame
Mnanisumbua niandike, na kalamu yenyewe naishika kama mwiko. Haya. Fundi wa magari anayepakana na meza ninayouzia kenkey, madonge ya unga wa mahindi, hapa kwenye gereji za Suame, teksi yoyote ikiingia, kwanza hufuta namba ya chasisi kwa kitambaa cha mafuta ya taa, kisha huipapasa kwa kidole gumba, pole pole.

"Fundi, injini inakohoa, wewe unapapasa bodi!" dereva hulalamika.

"Tulia, kaka. Rangi hubadilishwa. Hii hubaki."

Mdogo wake fundi aliondoka na teksi yao miaka tisa iliyopita, hakurudi. Jana namba ya teksi moja ililingana yote na ya ile yao, ila tarakimu ya mwisho ilikuwa tatu, si nane. Akakunja kitambaa taratibu.

"Haya, inakohoaje?"

Nawe msomaji, kagua gari lako. Namba ya chasisi ikiishia 40718, lilete, utuambie nani alikuuzia.