Mavi na Mafi

Juzi kwenye zahanati karibu na Bilpam, hapa Juba, mbele yangu kwenye foleni ya maabara alikaa mama aliyempakata mtoto aliyeharisha usiku kucha. Mtaani kwao kipindupindu kimeingia, na mama alitaka kujua kama ndicho.

Mpimaji, Mkenya mgeni mjini, alimpa kikopo akaomba "choo" kwa adabu. Mama akamwonyesha choo kilipo, nje. Mpimaji akaona aseme wazi.

"Mavi, mama. Mavi ya mtoto."

"Mafi," mama akajibu, akikunjua viganja vitupu.

"Ndiyo, hayo hayo. Weka humu."

"Mafi!"

Foleni nzima ikacheka. Mama akainuka aondoke, akidhani anadhihakiwa. Nilimshika mkono, nikamweleza mpimaji kwamba kwa Kiarabu cha Juba "mafi" ni "hakuna". Mtoto alikuwa hajaenda haja tangu asubuhi.

"Kumbe! Mwambie akae, anisamehe. Tutasubiri."

Hatukusubiri sana. Mtoto alimaliza ubishi mwenyewe, mapajani mwa mama yake.

Majibu yalipotoka, mpimaji hakunihitaji tena. Alikunjua viganja vyake kama mama alivyofanya, akasema polepole, "Kipindupindu mafi." Mama akamrudishia neno lile, akicheka huku machozi yanamtoka.

Hapa Juba tunalisikia kila siku: maji mafi, umeme mafi. Hata shule yangu ilifungwa hivyo, walimu mafi. Sikujua kama neno hilo linaweza pia kumpeleka mtu nyumbani anacheka.