Pasi Kando ya Skana

Mama wa saiba, duka la intaneti hapa mtaani Mowlem, huweka pasi ya umeme kando ya skana, na mgeni hudhani anawapigia watu nguo pasi. Pasi hiyo ni ya vyeti. Karatasi ikija na mikunjo, huitandaza mezani, huifunika kwa kitambaa cha pamba, kisha hujaribu joto kwa mgongo wa mkono, kama anayepima maziwa ya mtoto. Haburuti pasi, huiweka, huinyanyua, huiweka tena. Sauti yake haipandi hata stima ikipotea katikati ya kazi.

Cheti changu cha Form Four kilikuwa kimekaa miaka tisa ndani ya Bibilia ya mama, kimekunjwa mara nne. Nilipoomba digrii ya uuguzi kwa simu, ombi lilirudishwa mara mbili, kwa sababu kwenye picha ya cheti mkunjo ulipita juu ya alama ya Bayolojia. Siku niliyompelekea mama wa saiba ndiyo ilikuwa mwisho wa kutuma, saa kumi na moja jioni. Alikipiga pasi, akakiskani, akajaza fomu, halafu akanisukumia maus ya kompyuta. "Tuma mwenyewe, Kathini. Hii ni yako." Akageukia ukuta mpaka nikamaliza.

Juzi nilirudi kuchapisha barua ya kuitwa chuoni. Ilitoka kwa mashine ikiwa na joto, haina mkunjo hata mmoja. Bado aliilaza mezani, akaiwekea kiganja, akakinyanyua, akakiweka tena. "Hii usikunje," akasema. Niliibeba kwa mikono miwili mpaka nyumbani, kama trei ya chai iliyojaa.